Picha Iliyopigwa Shambani kwa Wifi

Mwanamke ambaye mji mzima unamwita Mama Bango hajawahi kuwa na akaunti benki. Watu hawaliamini hilo mpaka leo, na huwezi kuwalaumu. Uso wake umebandikwa kwenye kuta za benki kuanzia mlangoni hadi karibu na choo: kitambaa cha kijani kichwani, kapu la vitunguu kiunoni, meno yote nje, na chini yake maneno yanayosomeka ukiwa upande wa pili wa barabara, SHAMBA LANGU, BENKI YANGU. Shamba si lake. Vitunguu si vyake. Hata kapu alishikishwa tu, na mpaka leo halijarudi kwa mwenyewe. Kilicho chake pale ni meno.

Benki yenyewe ni ya wageni. Wenyewe wako ng'ambo, hakuna aliyewahi kuwaona, lakini hapa mjini iliitwa benki ya wakulima kwa sababu ilikuwa haikuangalii viatu. Uliingia na matope yako, ukakopeshwa mbegu, ukakopeshwa pampu ya maji, ukaambiwa karibu tena. Pesa ilitoka huko huko ng'ambo, kwa watu wanaoweka akiba kwa simu. Mtu amejilaza kitandani kwake, anabonyeza kidole, akiba imeingia, na hapo hapo kwenye kioo cha simu anatokea Mama Bango na kapu lake kumshukuru kwa kuwasaidia wakulima. Anamshukuru wa asubuhi, anamshukuru wa jioni, anamshukuru na yule aliyeko chooni. Mwenyewe wakati huo yuko bondeni anapalilia, hana habari.

Mambo yalianza hivi. Mkulima aliyetakiwa kupigwa picha alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye ulimi wa wembe, aliyeachika mapema akarudi nyumbani, na baba yake akampa kipande cha ardhi kando ya mfereji. Kipande hicho alikilima mpaka kikawa kinasemwa. Vitunguu vyake vilitoka ardhini vikubwa, vyekundu, vimejipanga kama vimeambiwa. Shamba la kaka yake na mkewe lilikuwa pale pale upande wa juu, wamepakana, na vitunguu vyao vilikuwa vitunguu vya kawaida vya watu wa kawaida. Mama Bango alikuwa akishuka kumsaidia wifi yake kuvuna, si kwa mapenzi sana. Asiposhuka angesemwa.

Siku ya picha benki ilimtuma kijana mwenye kamera mbili shingoni na haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Wifi alimtazama, akajitazama magoti yaliyojaa udongo, akasema hapigwi picha akiwa hivyo kama mtu aliyefukuliwa.

"Wifi, nishikie kapu hili. Nakwenda kuoga mara moja."

Akaenda. Akaoga kama bibi harusi, akavaa gauni la bluu ambalo lilikuwa halijatoka sandukuni tangu lishonwe, akaanza kutafuta viatu. Bondeni jua likawa linaingia mawinguni. Yule kijana akamgeukia aliyebaki.

"Mama, simama hapo hapo. Inua kapu kidogo. Cheka."

Mama Bango akadhani anapimiwa mwanga tu, akacheka. Tena alicheka sana, kwa kuwa alikuwa anamuwaza wifi yake huko nyumbani anavyohangaika na viatu. Wifi alipoteremka, anang'aa, anaruka matuta kwa vidole asichafuke, kamera zilikuwa zimeshaingia begini na pikipiki imeshawashwa.

"Picha si ya mtu, mama, ni ya mkulima," kijana alimwambia. "Na mkulima nimeshampata."

Tangu hapo Wifi hakumpa nafasi ya kupumua. Akija kuomba chumvi: "Nimekuja kwa mwenye shamba langu." Kalenda ya benki ilipoletwa, ina sura ya Mama Bango mwezi hadi mwezi, Wifi aliichukua akaitundika jikoni kwake. "Acha niwe naangalia shamba langu linaendeleaje." Yalikuwa maneno ya mawifi, sukari na pilipili kwenye kijiko kimoja, na Mama Bango aliyazoea. Alichoshindwa kukizoea ni mji.

Mji uliamua kwamba yeye ni mtu wa benki. Fundi baiskeli alimfuata ili mwanawe apewe kazi ya ulinzi. Mzee mmoja aliyesahau namba yake ya siri alimkalia mlangoni asubuhi nzima akitaka amkumbushe. Alikataa, akaapa, akaeleza habari ya gauni na viatu. Wakaitikia kwa vichwa, wakaondoka wakisemezana kuwa watu wakishapanda cheo hawataki kujulikana. Mwisho akachoka. Akawa anawajibu, "Nenda mapema, kuna foleni," nao wakawa wanaondoka wameridhika, maana foleni ilikuwepo kweli. Aliyefurahia ni mumewe. "Wanaume wa ng'ambo wanamtazama mke wangu vitandani mwao," alikuwa akiwaambia wenzake kijiweni, "na mimi ndiye ninayemfulia soksi."

Kwa uso huo benki ilimpa mwavuli. Uliraruka mwaka huo huo.

Halafu ikaja mvua isiyo na adabu. Vitunguu vya Wifi vilikuwa vimeshang'olewa, vimelazwa juu ya matuta ili majani yakauke, na mvua ikavikuta hapo. Ilinyesha, ikapumzika, ikakumbuka kitu, ikarudi. Vya shamba la juu vilikuwa bado vichanga ardhini, maana wenyewe walichelewa kupanda kama kawaida yao, vikapona. Vya Wifi vilioza, bonde zima likanuka. Pampu na mbegu alikuwa amekopa, na alichoweka rehani ni ile ile ardhi ya baba yake. Benki ya zamani ingempa msimu mwingine ajikusanye. Iliwahi kuwapa wengine. Lakini huko ng'ambo mambo yalikuwa yamegeuka. Wenye akiba za simu walikuwa wengi na hawana matope. Wakulima walikuwa wachache na wana mvua. Ikaamuliwa kwamba mkulima aliyechelewa asingojewe. Tangazo la mnada likabandikwa kwenye mlango wa kibanda cha pampu.

Wifi alikuja akasimama mlangoni jikoni. Mama Bango alikuwa anachambua mchele.

"Wifi," alisema. Hakusema mwenye shamba langu, na Mama Bango akaweka ungo chini.

"Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kuomba, na nikikaa nitashindwa." Akashika fremu ya mlango. "Nenda kaniombee."

"Wifi, wengine hawajui, lakini wewe unajua. Wewe ndiye uliyekuwa unatafuta viatu. Mimi pale benki si chochote."

"Najua. Lakini mimi nikiingia wanaona deni limeingia. Wewe ukiingia wanaona bango limeshuka ukutani. Simama tu mbele yao, waone aibu."

"Benki ina aibu?"

"Utaikuta huko huko. Kama haipo, basi tutajua."

Kesho yake asubuhi akaenda. Zamani mle ndani palikuwa na madirisha mengi, nyuma ya kila dirisha mtu. Sasa lilikuwa limebaki moja. Mengine yalipangwa maua ya plastiki, na mlangoni ilisimamishwa mashine inayokukaribisha kwa sauti ya mwanamke mwenye mafua. Msichana wa dirishani hakuinua kichwa.

"Namba ya akaunti?"

"Sina akaunti, mwanangu. Mimi ndiye yule." Akanyoosha kidole.

Msichana akatazama ukuta, akamtazama yeye, akarudi ukutani. Halafu akatabasamu, tena kwa moyo. "Jamani, ndiye kweli. Nakuona kila siku, nikadhani ulishafariki."

"Bado."

"Sasa, mama, bila namba mfumo haukuoni."

"Huo mfumo hauoni ukuta?"

"Hauoni, mama," alisema yule binti, na hakuwa anatania.

Meneja ndiye aliyemuona akipita, akamkaribisha ofisini kwa mikono miwili, akampa kiti na maji. Alikuwa mtu mzima, mpole, tai imemkaba kidogo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu, jambo ambalo Mama Bango alilihesabu kuwa dalili njema. Haikuwa dalili ya chochote.

"Dada yangu," alisema, "haya mambo zamani nilikuwa nayamaliza hapa hapa kwa kalamu hii. Namwandikia mtu msimu mmoja mbele, tunapeana mkono, yamekwisha. Siku hizi kalamu ni ya kujikunia sikio. Nikimtafuta wifi yako humu kwenye kompyuta, naruhusiwa kusoma. Kuandika siruhusiwi."

"Nani anaruhusiwa?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo nani?"

Meneja alifikiri kweli, mpaka akakunja uso. "Sijui, dada. Barua zao mwishoni hazina jina la mtu."

Kupitia kioo cha mlango Mama Bango alijiona ukutani, anacheka. Alitamani ajifumbe mdomo.

"Lakini kuna jambo," Meneja akasema, na uso ukamfunguka kama mtu aliyekumbuka ana peremende mfukoni. "Nilikuwa nataka nije kukutafuta. Wenye akiba wote wana mkutano wao wa mwaka, unafanyika kwenye simu. Wameomba wewe utokee."

"Nitokee mimi, au bango?"

"Wewe mwenyewe, mzima mzima."

Njiani kurudi nyumbani alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, yasimwagike maneno. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Pesa ni ya nani? Ya wale. Amewashukuru miaka yote hii, hajawahi kuwaomba hata kiberiti. Wakiiambia benki ingoje msimu mmoja, benki itawakatalia vipi wenye mali? Alimweleza Wifi, na Wifi, mwanamke anayeweza kukutafutia kasoro hata kwenye maji ya kunywa, hakuona kasoro. Alikwenda sandukuni akarudi na gauni la bluu.

"Lilitakiwa kuonekana siku ile," alisema. "Lionekane sasa."

Lilikuwa refu kwa Mama Bango. Wifi akapiga magoti, akalikunja pindo na kulifunga kwa pini, pini nyingine mdomoni, huku akimfundisha.

"Usianze na salamu za ukoo mzima. Sema shamba, sema mvua, sema msimu mmoja. Halafu nyamaza."

"Na nisicheke."

"Ukicheka nitakuchoma na hii pini."

Mkutano ulifanyika ofisini kwa Meneja. Palikuwa na taa kali juu ya mguu wa chuma, na binti mmoja mchangamfu aliyetoka makao makuu, kazi yake matangazo, amejibana vidude masikioni. Alimpaka Mama Bango poda puani bila kuomba ruhusa, akamuuliza kitambaa cha kijani kiko wapi. Alikuwa amekiacha nyumbani. Binti akafungua begi akatoa kingine, kijani kile kile. Walikuwa wamejiandaa.

Halafu skrini ikajaa watu. Vichwa vidogo vidogo vimepangwa kwenye vijisanduku, safu kwa safu, kama miche kwenye trei. Mmoja alikuwa anakula. Mwingine alikuwa na paka. Binti akamnyooshea kidole: sasa.

Mama Bango akasema. Hakuanza na salamu za ukoo. Alisema shamba mnaloliona nyuma ya picha yangu si langu, ni la wifi yangu, yeye ndiye aliyelima vitunguu mnavyovipenda. Alisema mvua ilivyokuja, ikavikuta juu ya matuta. Alisema wifi yangu hajakataa kulipa, anaomba msimu mmoja, na kama pesa ni yenu, tafadhali waambieni watu wenu wangoje. Alisema ardhi hiyo wifi yangu alipewa na baba yake, na sauti ilitetemeka hapo tu, kwenye neno baba. Hakucheka. Na alipokuwa anasema, kwenye skrini vikaanza kupanda vijimoyo vyekundu, viwili vitatu, kisha kundi, kisha vikajaa kama povu. Yule wa paka alifuta macho. Yule aliyekuwa anakula akaacha kula, akapiga makofi. Mama Bango akaona yamefika, akanyamaza kama alivyofundishwa.

Skrini ikazima.

"Umependeza, mama," binti alisema, akivua vidude masikioni. "Wamekupenda ajabu."

"Wamesemaje juu ya shamba?"

"Shamba gani?"

"Hilo nililowaambia."

Binti akamtazama Meneja. Meneja akatazama kalamu yake. "Mama," binti akasema taratibu, kama anayemwamsha mtoto, "sauti yako ilikuwa imezimwa. Kwenye ratiba wewe ulikuwa wa kupunga mkono. Nilipoona unaongea nikaona sawa tu, inapendeza, mdomo unacheza. Juu yake wao walikuwa wanasikia muziki."

"Muziki."

"Mzuri, mama. Wa taratibu." Akamgeuzia kompyuta amuoneshe, kwa nia njema kabisa. "Tena angalia hapa. Wakati ule ule ulipotokea, watu wengi sana wameongeza akiba."

"Niunganishe nao tena."

"Wameshaondoka, mama. Mpaka mwakani."

Kwenye kioo cheusi cha skrini alikuwa amebaki yeye, ndani ya gauni la wifi yake, na poda puani. Meneja alimsindikiza hadi mlangoni. Akampa mwavuli.

Wifi alikuwa anamngoja kwenye kona ya nyumba. Hakuuliza. Alipiga magoti akaanza kutoa pini kwenye pindo, moja moja, akizibana midomoni.

"Hawakusikia," Mama Bango alisema.

"Walikataa?"

"Kukataa ni mtu aliyesikia, wifi. Hawakusikia."

Wifi akatoa pini ya mwisho. "Gauni waliliona?"

"Waliliona."

"Haya," alisema Wifi, akaliomba gauni lake.

Mnada ulikuja na dalali mwenye kipaza sauti na tumbo lililotangulia. Watu walijaa bondeni, wachache kununua, wengi kutazama. Kaka mtu, yaani mume wa Mama Bango, alisimama na mikono mifukoni. Alikuwa ameshapita kwa kila anayemjua, na alichopata kisingenunua hata kibanda cha pampu. Shamba lenyewe lilikuwa bado linanuka uozo, matuta yamebomoka, na wanunuzi walikuwa wanaziba pua. Dalali hakuwa mgeni wa kazi. Alikunjua kitu alichopewa na benki, akakitundika ukutani mwa kibanda. Lilikuwa bango.

"Msitazame miguuni, tazameni hapa," alisema. "Shamba ni hili hili la pichani. Oneni udongo. Oneni mavuno. Oneni mwenyewe anavyocheka."

"Na mama naye yumo kwenye bei?" mmoja akauliza, na watu wakacheka, wanunuzi kwa watazamaji. Fundi baiskeli peke yake hakucheka. Alimtazama Mama Bango kwa jicho la pembeni, akamnong'oneza jirani yake, kwa ile sauti ya chini inayosikika vizuri, "Wifi yake kabisa, na bado ameachia uso wake utumike kumuuzia shamba. Hawa watu wa benki hawa."

Mama Bango alisikia. Alikuwa ameshika lile kapu. Alilikuta asubuhi nyuma ya mlango wa ghala, limekaa humo tangu siku ya picha, akaona leo angalau arudishe kitu.

Shamba lilikwenda haraka. Lilichukuliwa na mwanamume mwenye viatu safi, aliyekuwa akinunua kwa niaba ya mtu mwingine aliyekuwa anamwongoza kwenye simu. Kila bei ilipopanda aliirudia simuni, akasikiliza, akainua kidole. Mtu wa simuni hakuna aliyemuona. Dalali alipofunga, mwenye viatu safi akatazama bango, akatazama umati, akamuona, uso ukamchangamka.

"Mama, kumbe upo. Afadhali. Tuoneshe mpaka."

Mama Bango alifungua mdomo aseme, si mimi. Alishalisema neno hilo kwa fundi baiskeli, kwa mzee wa namba ya siri, kwa mji mzima, na kwa watu wote wa kwenye skrini kama wangekuwa na masikio. Akamgeukia wifi yake, amsemee yeye.

Wifi alikuwa amesimama kando ya mfereji, amevaa nguo za shamba, magoti yana udongo. Asubuhi hiyo alikuwa amepalilia. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anapalilia nini.

"Waoneshe," alisema. "Si wewe ndiye mwenyewe?"

Haikuwa na pilipili, na haikuwa na sukari. Mama Bango alimsogelea, akamnyooshea kapu.

"Angalau chukua hili, wifi. Ni lako."

Wifi alilitazama kapu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la kitu. "Nitatia nini humo?"

Basi Mama Bango akalirudisha kiunoni, maana mikono yake haikujua pa kuliweka pengine, akatangulia. Mpaka aliujua, alikuwa ameulimia pembeni tangu aolewe: jiwe la kwanza, mfereji, kona yenye majani makali, jiwe la pili. Nyuma yake walifuata viatu safi na dalali, na nyuma yao watu, wakimtazama anavyotembea na kapu lake kwenye shamba. Mmoja wao alisema kwamba kweli kabisa, ni kama pichani.